Keki Iliyovaa Sari

Katika nyumba tuliyopanga wasichana watano pale Sankipara, mjini Mymensingh, hakuna kitu kilichoruhusiwa kufa. Ganda la yai halikutupwa. Lilioshwa, likakaushwa, likapakwa rangi, likawa chombo cha kuchomekea maua, na maua yenyewe yalikuwa maganda ya vitunguu. Gazeti la juzi lilisukwa kikapu. Pakiti za chipsi zilikatwa vipande zikatungwa pazia la mlangoni, pazia ambalo kila ukipita linakushika nywele. Siku moja niliacha soksi yangu iliyotoboka juu ya kitanda, nikaenda kuoga. Niliporudi ilikuwa sungura, ana macho ya vifungo, ananitazama.

Aliyetuletea maradhi haya ni Lutfa. Baba yake ni fundi wa miavuli kule Jamalpur, na nadhani mtu akilelewa kati ya miavuli iliyovunjika hujifunza kuona mwavuli mzima ndani ya kila kijiti. Pale chuoni alisomea uchumi. Wenzake walijadili uchumi wa mataifa, yeye alirudi nyumbani na maboksi ya viatu aliyoyaokota nyuma ya duka. "Kununua," alikuwa akisema, "ni kushindwa kufikiri." Alisema hivyo hasa tulipomtuma sabuni.

Na alipika keki. Oveni hatukuwa nayo, tulikuwa na sufuria ya mvuke iliyokwisha kazi, imetolewa mpira na filimbi, chini imetandazwa mchanga wa jirani aliyekuwa akijenga. Jirani yule hadi leo hajui kwa nini ukuta wake ulichelewa. Lutfa mimi namsema sana, na leo nitamsema zaidi, lakini keki zake zilikuwa tamu, hilo sitalificha. Tatizo lilikuja baada ya kula. Ukisema "tamu", alikukazia macho na kuuliza, "Tamu vipi?" Ilibidi utoe maelezo kama shahidi mahakamani. Tamu ya unapotia mdomoni au ya baadaye? Inabaki kooni au inashuka? Kuna msichana alihama nyumba ile, alisema ni kwa sababu ya kodi, lakini mimi najua.

Basi mwezi wa Januari, msimu wa ndoa, mwenzetu Kohinur alirudi kutoka kwao Fulpur macho yamevimba. Alikuwa aolewe na Touhid, karani wa benki, kijana wa Netrokona, na siku ya kusingwa manjano ilikuwa karibu. Kwetu siku hiyo watu wa bibi harusi hubeba masinia hadi nyumbani kwa bwana harusi: nguo, peremende, tambuu, manjano yaliyosagwa, na juu ya yote samaki. Samaki huyo ni rui, amevishwa sari kama biarusi, ana kidani na kipini. Sura ya bibi harusi watu huisahau, samaki wake hawamsahau. Na rui mkubwa msimu ule alikuwa wa matajiri. Baba yake Kohinur, mwalimu wa shule ya msingi, alikwisha kujikamua kwa kila kitu kingine, na samaki aliyeweza kumnunua alikuwa wa kutoshea kikaangio.

"Si apelekwe huyohuyo mdogo?" nikauliza. "Avishwe sari ndogo."

"Ruma, hujui ule ukoo," Kohinur akasema, na akatueleza.

Mama yake Touhid, Rahela, aliolewa katika nyumba ile miaka thelathini nyuma. Baba yake alikuwa muuza kuni, akapeleka samaki wa urefu wa kiganja. Mama mkwe wake, Bibi Sokhina, alimchukua samaki yule mbele ya wageni wote, akamlaza juu ya mkono wake, akampima: kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye kifundo. "Hivi," akasema. Tangu siku ile hajawahi kugombana na mkwewe, hana haja. Chumvi ikizidi, mbuzi akikata kamba, mtoto akifeli mtihani, yule bibi huweka kidole kwenye kifundo cha mkono, basi. Hivi. Na wageni wote hucheka, kwa sababu wote wanajua.

"Sasa Rahela amemwambia Touhid anataka samaki ambaye mama mkwe wake hawezi kumpima kwa mkono," Kohinur akasema. "Akipelekwa mdogo, Rahela hataaibika peke yake tena. Nitakuwa mimi wa kupimiwa kifundoni mpaka nizeeke."

Akaanza kulia. Wenzangu wawili wakamshika mabega. Lutfa yeye alikuwa akiutazama ubao mrefu wa kupigia pasi.

"Mkubwa kiasi gani?" akauliza.

Nilijua palepale kwamba tumekwisha.

Mpango wenyewe, ukiusikiliza, ulikuwa wa heshima. Tutapeleka samaki wa keki, na langoni tutatangaza wazi kwamba ni keki. Itakuwa maajabu, si udanganyifu. Watu watapiga makofi, watapiga picha, na hakuna anayepima keki kwenye kifundo. Hata mimi nilishawishika. Nilikuwa nasomea uvuvi, na kwa mara ya kwanza elimu yangu ilipata soko ndani ya nyumba ile.

Keki zilipikwa moja moja katika sufuria ile, zikaunganishwa juu ya ubao ule, uliolazwa kitandani, kwa maziwa mazito na biskuti zilizopondwa, zikachongwa. Katikati tulitia jamu ya kunazi tuliyoichemsha wenyewe, ikatiwa bitiruti ikawa nyekundu ya kutisha. Magamba yalikuwa chira, ule mchele wetu uliopondwa bapa, kila punje imechovywa kwenye chai ya rangi yenye sukari na kupachikwa kwa kibanio cha nyusi. Jicho lilikuwa punje ya sago yenye habasoda katikati. Mimi nilisimama nyuma ya Lutfa nikisimamia mapezi.

"Pezi la mgongoni lianzie mbele kidogo."

"Ruma, mama mkwe hatapima mapezi."

"Lutfa, wale ni watu wa mabwawa. Wamemjua samaki kabla ya kumjua baba."

Akahamisha pezi. Jioni mwenye nyumba alipanda kufuata kelele, akachungulia, akasema kwa ukali kwamba kusafisha samaki juu ya kitanda ni marufuku. Lutfa aliinamisha kichwa kama aliyepokea shahada.

Aliyeharibu mambo ni Mjomba Motaleb, ndugu wa mama yake Kohinur, muuza bima. Mtu huyu hajawahi kutaja idadi ya kweli katika maisha yake. Ukimuuliza saa atakuongezea dakika. Asubuhi ya safari alikuja na jani la mgomba alilolipitisha soko la samaki na kulisugua kwenye meza za wauzaji. "Samaki bila harufu ni picha," akasema, akalitandika chini ya keki. Lutfa alilalamika kuhusu ladha. Tukaweka karatasi ya nta katikati, tukamvisha samaki sari nyekundu ya kitambaa cha pazia, tukapanda gari dogo la kukodi tukiwa tumevaa sari za njano sote. Sinia lilipakatwa mapajani njia nzima hadi Netrokona. Kila shimo barabarani Lutfa alifumba macho.

Rahela alitupokea langoni na nusu ya mtaa nyuma yake. Alikuwa mwanamke mnene, amejipamba kwa dhahabu zake zote, na hakutusalimia vizuri kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye sinia. Akainua upindo wa sari ya samaki.

"Kilo ngapi?"

Lutfa akafungua mdomo. "Mama, huyu ni—"

"Kumi na mbili, dada," akasema Mjomba Motaleb. "Wa Brahmaputra. Alfajiri alikuwa bado anapumua."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mjomba ilikuwa fupi kuliko zote, maana sinia lenyewe tulikuwa tumelibeba wasichana wawili bila jasho. Ikabidi tuanze kupinda migongo. Mmoja akaguna. Nilimkanyaga mjomba mguu, akaendelea kutabasamu. Unaweza kuniuliza mwanamke aliyezaliwa kwenye mabwawa alikosaje kutambua keki. Nami nilijiuliza. Jibu langu ni kwamba hakuwa anamtazama samaki, alikuwa anatazama miaka thelathini.

Akalipokea sinia kwa mikono yake mwenyewe, akatembea nalo hadi barazani alipoketi Bibi Sokhina juu ya kitanda cha mbao, kajikunyata ndani ya shali, jicho moja lina mtoto wa jicho na la pili ni la kubahatisha. Wanawake wote wakafuata.

"Mama," akasema Rahela. Sauti ilimtoka nyembamba. "Pima."

Kidole cha bibi kilikuwa kimekwisha kufika kwenye kifundo, kwa mazoea tu. Wanawake wawili watatu wakacheka, nao kwa mazoea. Kisha bibi akanyoosha mkono, akagusa mkia. Akapapasa. Kiganja kikapanda polepole juu ya sari, juu ya kidani, hadi kichwani, na njia ilikuwa ndefu. Bibi akanusa vidole vyake, akavifuta kwenye shali. Halafu akasema:

"Kichwa changu."

Kichwa cha samaki wa singo ni haki ya mkubwa wa nyumba, hilo halina mjadala. Rahela alinyanyua sinia juu ya kichwa chake kama aliyeshinda uchaguzi, akaelekea jikoni. Mimi na Lutfa tukamfuata mbio. Mjomba Motaleb alikumbuka kwamba ana simu ya kupiga nje.

Jikoni mafuta ya haradali yalikuwa tayari yanachemka kwenye karai. Rahela aliwatoa wasaidizi wote, hakutaka mkono mwingine umguse samaki wake. Akachuchumaa mbele ya boti, kile kisu kinachosimama sakafuni kama mbuzi ya nazi, akakikanyaga, akamvua samaki sari.

"Mama, tafadhali," nikasema. "Kuna jambo."

"Baadaye, mwanangu."

Akamshika samaki kwa mikono miwili, akakaza mabega kwa ajili ya mfupa wa shingo, akasukuma. Hapakuwa na mfupa. Kichwa kilikatika kwa wepesi mno hata nusura yeye mwenyewe aangukie kisu. Jamu nyekundu ikamwagika juu ya vidole vyake. Akavitazama. Akakigusa kile kitu laini cha njano kilichobaki mkononi, akakibonyeza, kikarudi.

Hapo mtu mwenye akili angepiga magoti. Mimi nilikuwa nayakunja. Lutfa akasema:

"Mama, unaikata vibaya. Kisu cha keki huchovywa kwanza kwenye maji ya moto."

Rahela aliinua macho. Sijawahi kuona uso ukibadilika rangi mara nyingi hivyo bila mtu kufa. "Keki," akasema.

"Ndiyo, mama. Tulitaka kusema langoni. Mjomba akatuwahi."

"Mmeniletea keki. Mimi." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Nimesimama mbele ya mtaa mzima nimebeba keki kichwani. Nimemwambia yule mwanamke apime keki. Mwalimu wenu anadhani kwetu hakuna samaki? Fungeni masinia yenu. Mwambieni Kohinur wenu abaki kwao."

Nilimuona Kohinur kule Fulpur, amekaa juu ya mkeka, amepakwa manjano mashavuni, anasubiri simu.

"Tukirudi na masinia, mama," nikasema, "watauliza kwa nini."

Niliona swali lile linavyomwingia. Watauliza kwa nini, na jibu litakuwa kwamba Rahela wa Netrokona, mtoto wa mabwawa, alipokea keki akauliza kilo ngapi. Kwa samaki wa kiganja wangemsamehe hatimaye. Hili lisingekuwa na kifundo cha kulipimia.

Akainuka, akafungua mlango wa nyuma, akamwita mumewe, mzee mpole aliyekuwa akipanga viti uani. "Nenda sokoni," akamwambia. "Rui. Usirudi na mdogo. Pitia shambani, asikuone mtu, na ukiulizwa una nini, una matango."

"Matango?"

"Nenda, baba Touhid."

Akafunga mlango. Tukaanza kuvuta pumzi. Ndipo fimbo ikagonga sakafu ya baraza.

"Rahela! Kichwa changu kiko wapi?"

"Kinaiva, mama!"

"Kinaiva nini? Mimi sina meno, sina muda. Kilete."

Soko lilikuwa mbali, na mumewe ni mtu wa kutembea taratibu hata nyumba ikiungua. Fimbo ikagonga tena. Rahela akatazama karai, akatazama kichwa cha keki, na mikono ile iliyokuwa tayari kutufukuza ikashika mwiko, ikauweka, ikaushika tena. Nilimhurumia, nasema kweli. Mwanamke wa makamo, mwenye mwana karani wa benki, anamwogopa kizee aliyefungwa shali.

"Kitie mchuzi," Lutfa akasema. Ninajua neno hilo lilimgharimu nini. Alilitamka akitazama pembeni.

Rahela akachota mchuzi wa viazi kutoka kwenye sufuria ya wageni, wenye manjano na pilipili, akaumimina juu ya kichwa cha keki ndani ya bakuli. Sago ya jicho ikaelea, na Lutfa akashika ukuta. Rahela akavuta upindo wa sari juu ya nywele, akatoka na bakuli, nasi nyuma yake kama watu wanaosindikiza jeneza.

Barazani wanawake walikuwa wamejipanga wote. Rahela akaweka bakuli mbele ya mama mkwe wake, akarudi hatua moja, akasimama. Bibi Sokhina akaingiza vidole. Akamega chini kabisa, mahali mchuzi haukufika, akatia mdomoni. Fizi zikaanza kazi. Zilifanya kazi muda mrefu. Nyuma yangu Lutfa alikuwa ameacha kupumua, na najua haikuwa kwa ajili ya Kohinur. Bibi akamega tena. Akameza. Akainua lile jicho lake la kubahatisha kuelekea pale Rahela aliposimama, na kulikuwa na kimya cha kutosha kusikia mbuzi akitafuna nyuma ya nyumba.

"Basi, mama?" jirani mmoja akashindwa kuvumilia. "Samaki mkubwa kweli?"

Bibi Sokhina akautoa mkono wake wa kushoto ndani ya shali. Rahela alifumba macho. Alikuwa anasubiri kifundo. Bibi akainua na wa kulia. Akaitanua mikono yote miwili, mpaka shali ikamwanguka mabegani.

"Kichwa peke yake," akasema, "hivi."

Wanawake wakavuta pumzi. Wale wa nyuma wakaanza kuwaambia wa nyuma zaidi. Katika zogo hilo bibi akamwashiria mkwewe ainame, naye akainama, na kwa kuwa tulikuwa karibu tulisikia.

"Mchuzi wako urudishe," akanong'ona. "Huyu ni wa kuliwa na chai."

Rahela alitembea hadi jikoni mnyoofu kama mlingoti. Alipofika alikaa chini sakafuni na dhahabu zake zote akalia, kilio cha msichana wa miaka kumi na minane aliyeletwa na samaki wa kiganja. Mimi nikaweka maji ya chai jikoni, maana sikujua jambo jingine la kufanya. Lutfa akachuchumaa karibu naye, akachovya kisu kwenye maji ya moto, akakata mkia vizuri, akampa kwenye kisahani.

"Kula, mama. Mkiani ndiko jamu ilikokaa sawasawa."

Rahela akala huku akilia. Akafuta pua kwa upindo.

"Tamu," akasema.

Nilimgeukia Lutfa nikamkazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuuliza.